Moto wa Zamani Hauzimwi Kwanza

Mama yangu,

Chwaaa. Sauti ya maji yako juu ya makaa haijanitoka masikioni, hata huku Kampala. Mgongo umepoa? Na huko Baraka, mnalala bila kusikia risasi? Mimi ni mzima, ila umeme wa huku hukatika kama wa kwetu.

Papa Amisi wa kijijini Swima, ninayefanya naye kazi huku, huwapokea watu wetu waliopotezana na jamaa zao vitani. Nilimtengenezea programu ya kompyuta. Majina yote hukaa katika faili moja la JSON: maandishi ya kawaida, kila mtu ndani ya mabano yake. Kwa kazi ndogo kama yetu linatosha. Lakini kila lilipoingia jina jipya, programu yangu ilifuta faili zima na kuliandika upya palepale. Juzi umeme ulikatika katikati. Ulipowaka, faili lilikuwa nusu, na kwa kukosa bano la mwisho mashine ikakataa kusoma hata jina la kwanza.

"Riziki," akasema Papa Amisi, "batu bote hawa bamepotea mara ya pili?"

"Nakala ya asubuhi iko, Papa. Ba leo ndiyo habamo."

"Eh! Vita haikutosha, na we unabapoteza?"

Alitaka kucheka, akashindwa. Tuliwaita tena wa siku ile. Mama mmoja wa Fizi hatukumpata, na hatujui alikuwa anamtafuta nani.

Ndipo nikakumbuka jinsi unavyohamisha jiko. Unawasha mafiga mapya kwa kaa la zamani, unasonga ugali wa fufu kidogo, unaonja. "We mutoto, usizime ya zamani mbele ya ile mupya kushika!" Kisha tu, chwaaa.

Sasa programu inaandika faili jipya kando ya la zamani, inahakikisha limetua kwenye diski, inalisoma lote, ndipo jipya linapewa jina la lile la zamani. Mmoja wetu akiandika, mwingine anangoja. Nilichomoa waya wa umeme makusudi, katikati ya kuandika, tena na tena.

"We iko na wazimu!" Papa Amisi akapiga kelele.

Mashine ikawaka. Majina yote yamesimama. Mama, nilishika mdomo. Ama faili la kwanza zima, ama la pili zima. Katikati hakuna kitu. Sikujua kwamba duniani kuna badiliko lisilo na jeraha.

Maana siku tuliyokimbia ulizima moto bila kuwasha mwingine, na siku hiyo ndiyo tulipotengana na kaka Wilondja. Miaka yote hii nimeandika ndugu za watu, yeye nikamwacha nje. Niliona kumwandika kati ya waliopotea ni kumzima.

Unisalimie shangazi anayeanika samaki wa ndagala, na mjomba mwalimu, mwambie hesabu zake zinanilisha. Mungu akuweke.

Kaka nimemwandika leo asubuhi, jina lake na lako, na kovu la kidevuni. Nilichomoa waya, nikawasha tena. Yumo.

Binti yako,
Riziki