Sigara Nyuma ya Choo cha Ayeeyo

Garissa,
Agosti 1996

Kwako Dada Wakesho,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti lako limepata nafuu na baridi ya huko milimani haikuonei. Mimi nipo. Kikohozi kimepungua, joto halijapungua, na ile pampu ya maji niliyoletwa kuitengeneza bado inanichokoza kila wiki.

Habari yangu ya ukimwi, huku alikuwa akiijua muuguzi mmoja tu. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mwadime, virusi unavyo, na sigara tena? Kifua chako kitakwisha upesi. Acha." Nikamwambia nimeacha. Unanijua, dada.

Kwa mwenye nyumba wangu, Ayeeyo Dahabo (huku bibi huitwa ayeeyo), nilisema tu kwamba kifua kinanisumbua na daktari amenikataza moshi. Niliogopa akijua zaidi atanitoa nje pamoja na kikombe changu. Na mgeni kama mimi angempokea nani?

Sasa, bibi huyu anauza maziwa ya ngamia sokoni. Vibuyu vyake huvifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa, yasiharibike haraka, na huo moshi ndio utamu wenyewe. Jioni anafukiza ubani nyumba nzima. Basi akaniuliza, "Moshi yote?" Nami kwa aibu ya kutaja sigara nikamjibu, yote.

Masikini, akaacha yote! Ubani akauweka kando, vibuyu akawa anaviosha kwa maji matupu. Maziwa yakawa yanachacha kabla ya adhuhuri. Wateja wakinuna anawaambia avumiliwe, ana mgonjwa nyumbani. Mimi nasikia yote.

Nilichosahau ni kwamba moshi wake ndio uliokuwa ukinificha. Uani kulipokuwa na ubani na vijinga, nani angenusa sigara yangu? Jumatatu nimechutama nyuma ya choo, sijavuta hata nusu, namwona huyo amesimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Maziwa yangu inaharibika sababu ya kifua yako, na wewe iko hapa na sigara?"

Uongo ukaniishia. Nikasema, "Ayeeyo, nina ukimwi. Mawazo yakinizidi navuta, roho inatulia kidogo. Kama ni kuhama, nitahama."

Alinitazama mpaka sigara ikaniunguza kidole.

"Wallahi, wewe mtoto. Ugonjwa kubwa hivyo umepata bure, na bado unaenda duka kununua ingine?"

Nilicheka, dada, halafu nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Akaninyang'anya pakiti, akaitumbukiza chooni, akaenda kuwasha kijinga chake.

Siku hizi kila asubuhi ananiita mlangoni nimpumulie. Akiridhika, anaonja maziwa yeye kwanza, kisha ananipa kikombe kilekile. Kilekile, dada. Nayanywa yote.

Nisalimie shemeji Mwakio, mumeo, na shangazi Mkawasi anayeniombea kila Jumapili. Mama mbusu mikono, mwambie nakula vizuri. Ya ukimwi anayajua na amenisamehe, lakini ya sigara, tafadhali, usithubutu kumwambia.

Ni mimi mdogo wako, ninayenuswa kila siku,
Mwadime