Mito Mitatu Imeshika, Bado Miwili

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Tunduma. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile inayokaa kwenye vidole.

Nisamehe, shajara. Karibu miezi miwili sijaandika humu hata mstari mmoja. Dada Tumaini, aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu nilipokwenda kwake Mbeya, ameshanitumia meseji mara tatu: "Mbona kimya? Si ulisema utaandika kila wiki?" Nilisema, ndiyo. Sikujua kwamba mtoto akianza kutembea mama hana tena mikono yake. Naanza sentensi, kuna kitu kimevunjika jikoni. Nikirudi nimesahau nilikuwa nataka kumlalamikia nani.

Leo naandika kwa sababu Faraja amelala, na nyumba imekuwa kimya mno.

Nianze na makochi, maana yote yametokea hapo.

Mume wangu Elia anaendesha lori. Kabla hajaenda Kongo safari hii alimwagiza fundi wa hapa jirani, Mpemba, atutengenezee seti: kochi refu la watu watatu na mawili ya mtu mmoja mmoja. Fremu ya mbao, mito ya sponji. Kitambaa nilichagua mwenyewe, satini ya zambarau kutoka ng'ambo ya pili ya mpaka, Nakonde. Fundi aliniambia, "Mama, hiki kinateleza." Nikamwambia wewe shona tu. Kwetu Ileje tumekua tukikalia benchi la mbao, na mimi nilitaka nyumba yangu ing'ae.

Elia akaondoka makochi yakiwa na siku nne. Ni wiki ya saba sasa. Hajayakalia vya kutosha kuyajua.

Yana tabia hii: ukikaa, mto unakuja mbele nawe. Ukijiegemeza unajikuta umelala nusu, kidevu kifuani, kama mgonjwa. Ukiinuka, mto unabaki umechungulia nje. Nikazoea kuusukuma kwa goti kila nikipita. Nabeba ndoo, goti. Nambeba mtoto, goti. Usiku naota nasukuma mito.

Wiki tatu zilizopita mama mkwe akapiga simu kwamba anatoka Ihanda kuja kumwona mjukuu. Ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilichukua kopo la polishi ya sakafu nikapaka kochi refu, miguu na sehemu za kuwekea mikono, nikaona limependeza. Nikatoa na mito, nikapaka mpaka zile mbao za chini ambazo mgeni hazioni kabisa. Nikasugua kwa soksi ya Elia mpaka nikaona uso wangu.

Mama akaja, akakaa, akampakata Faraja. Alipoinama kupokea kikombe cha chai, mto ukatoka kama droo. Wakashuka wote wawili hadi chini, na Faraja akajigonga paji la uso kwenye mguu wa meza.

Hakutoka damu. Nundu tu. Lakini kile kilio bado nakisikia.

Mama hakunipigia kelele, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Aliinuka, akajipangusa kitenge, akasema, "Sisi kwetu tunakalia vigoda. Sijaona kigoda kikimkimbia mtu." Kisha akamtazama Faraja, akanitazama mimi na haya macho yangu mekundu, maana saa kumi alfajiri niko jikoni napika uji wa kuwauzia madereva kwenye foleni ya malori. Akasema, "Jumapili ya tatu nakuja kumchukua. Ameshaacha kunyonya. Mzaliwa wa kwanza hulelewa kwetu."

Hakuomba. Alitangaza, kama wanavyotangaza matangazo kanisani.

Nilimwambia Elia alipopata mtandao, wiki moja iliyopita. Nilitaka aseme hapana ili nisiseme mimi. Akasema, "Mwache akae na mama kidogo, na wewe upumzike," halafu simu ikakatika.

Asubuhi yake nikaanza na mito.

Kwanza nililaza gunia chini yake. Gunia nalo likateleza. Nikasugua mbao kwa maji ya moto na sabuni, polishi haikubanduka, ilihamia mikononi mwangu. Jirani yangu Mama Zuhura, Mwislamu wa Kigoma anayeuza vitenge, ndiye anayenishikia mtoto asubuhi. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya kochi napiga msasa.

"We Mama Faraja, hiyo ni nini?"

Nikamweleza ya polishi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Polishi ya sakafu! Sasa ulitaka mkweo akae au adeki?"

Nilicheka na mimi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Kisha akasema neno la maana: mpira haukimbii kwenye mbao. Akanipeleka kwa mafundi pancha barabarani tukapewa tyubu chakavu ya lori. Tuliiosha, tukaipasua vipande virefu, nikavipigilia kwa misumari midogo kwenye zile mbao, viwili kila mto. Juu ya hapo nikashona kamba kwenye pembe za nyuma za kila foronya, mbili mbili, nikazifunga kwenye ubao wa nyuma kwa fundo. Mpira unaushika mto kwa chini, kamba inauvuta kwa nyuma. Sindano ya gunia aliniazima yeye. Satini ni ngumu kushona kwa mkono, inakimbia kama sabuni, na nimejichoma zaidi ya nilivyoshona.

Mpaka jana nilikuwa nimemaliza mito mitatu ya kochi refu. Miwili ya yale madogo bado.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu.

Ijumaa nilipanga nguo za Faraja kwenye begi.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilikunja moja moja: sweta zake zote, soksi, magauni, kofia ya kufuma. Nilikuwa nafikiria kulala. Nilijiona nimelala mpaka jua liingie dirishani, hakuna anayenivuta nywele, hakuna anayelia. Nilifunga zipu, nikaona raha, kisha nikaona aibu, lakini sikulifungua begi. Nililiweka mezani.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia. Faraja akaja kwenye kochi refu, akaushika mto wa katikati kwa mikono miwili ajivute juu. Siku zote mto humfuata, naye huanguka nao. Leo mto ukakaa. Akapandisha goti, akahema, akapandisha la pili, akageuka akakaa. Akanitazama kama mtu aliyefika mjini.

Nikasimama na ufagio. Nikajiuliza: kama nimekubali aende, mito hii namshonea nani? Elia hayupo. Wageni hawaji. Mimi mwenyewe sipati muda wa kukaa. Wiki nzima nimejichoma vidole kwa ajili ya mtu mmoja tu, na huyo mtu nimemfungia begi.

Mama alifika saa saba, ametoka kanisani na nguo zake za kanisa. Nikamkaribisha kochi refu. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye lile dogo.

"Mama, hilo bado sijalifunga. Kaa huku."

"Nakaa ninapotaka."

Akakaa. Mto ukaanza safari yake. Akashika fremu kwa mikono miwili, akajikaza, uso mkavu, akateremka polepole mpaka nikashindwa kuvumilia, nikamshika mkono. Hakucheka. Mimi niliuma mdomo.

Alipohamia kochi refu hakukaa kwanza. Aliuvuta mto kama anavyojaribu kamba ya mbuzi. Haukuja. Akafunua, akaona vipande vya mpira, akaona kamba.

"Nani kashona?"

"Mimi, mama."

"Kushona hujui," akasema. Akakaa. Akajisogeza nyuma mara mbili, akatulia. "Begi la mtoto liko tayari? Naliona. Vizuri."

Nikamwambia, "Mama, Faraja haendi."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Elia anajua?"

"Atajua akipiga."

Nikasema yaliyobaki kabla sijaishiwa nguvu: kwamba namheshimu, kwamba ni kweli nimechoka na sitamdanganya, kwamba nguo nilizipanga mwenyewe na nilikosea. Kwamba mtoto ataonana na bibi yake kila tutakapoweza, lakini atalala ninapolala mimi.

Alijibu kwa Kinyiha, lugha ya kwao, akiuelekea ukuta. Mimi Mndali, nilishika nusu. Nusu niliyoshika haifai kuandikwa humu. Katikati yake nilisikia jina la marehemu baba mkwe, na neno la nyumba, na neno la kimya. Nikaelewa kwamba si mimi peke yangu ninayebaki na kuta za nyumba; yeye pia, tangu mzee afariki.

Sikubadili neno langu kwa ajili hiyo. Nilimwongezea chai.

Alipomaliza akainuka, akalichukua begi.

"Mama, begi..."

"Begi nimelishika. Nguo mtazifuata Ihanda. Wote wawili."

"Mama, hizo ndizo nguo zake zote na baridi hii."

"Basi mje mapema."

Ungefanyaje hapo? Nilimbeba Faraja mgongoni nikamsindikiza stendi. Njia nzima mwavuli wake aliushikilia juu ya kichwa cha mtoto, na bega lake likalowa lote. Gari la Mbeya likaja, atashukia njiani. Alipoketi dirishani na begi mapajani, akamshika Faraja kidole kupitia kioo kilichofunguliwa, akakiachia gari lilipoondoka. Hakupunga.

Nilidhani nikishinda nitafurahi.

Nimerudi, nimekaa kwenye kochi refu, Faraja amelala pembeni yangu kajifunika khanga. Mto haujasogea hata kidogo, na hakuna wa kumwonyesha. Elia nimempigia mara nne, hapatikani. Nasikia malori yanavyohema barabarani, nadhani kila moja ni lake, na najua si lake. Sijui atasema nini. Akikasirika, akasirike. Nitamwambia niliyomwambia mama yake.

Jumamosi ya wiki ijayo Mama Zuhura atanisimamia kwenye uji, nami nitakwenda Ihanda na Faraja. Tutalala siku mbili. Tutarudi wawili.

Dada Tumaini, najua unasoma. Uliuliza unitumie nini, nami nikajibu hakuna kitu. Nilidanganya. Tuma kwa gari lolote linalokuja Tunduma, niambie namba, nitalipokea stendi.

Sindano ya gunia, mbili, kwa sababu niliyonayo ni ya watu.

Uzi mnene wa zambarau, kibunda kimoja. Mweusi pia sawa.

Ule mpira mwembamba wa matundutundu uliotandika chini ya zulia lako, mita mbili. Tyubu inashika vizuri lakini inanuka na inaweka weusi kwenye satini.

Mkanda wa kunata kama wa viatu vya watoto, mita moja na nusu, kwa yale makochi madogo mawili.

Soksi za mtoto za sufu, jozi tatu.

Sweta nene, mbili. Usichukue za mwaka mmoja. Chukua za miaka miwili, au hata mitatu, mikono nitaikunja. Atazivalia hapa.