Tangazo la Mama Lisilofika Mwenga

Cimpunda, Kadutu
Bukavu
Tarehe 6 Oktoba 2024

Mpendwa kaka yangu Adalbert,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani, safari hii za mkono, si za simu. Unaendeleaje na baridi ya Liège? Mguu wa wifi yangu Mireille umepona? Na watoto, bado wanaukataa ugali, au wameshazoea? Sisi huku miili iko mizima. Fabiola wangu anakohoa kidogo kwa mvua hizi, lakini hajakosa chuo hata siku moja. Mimi nalala, naamka, nafanya kazi. Habari za moyo usiniulize, nitakuambia mwenyewe.

Barua hii anakuletea Ghislaine, binti wa jirani, anayepanda ndege Kigali Alhamisi. Ningeweza kukuandikia kwenye simu. Lakini huko maneno yangu yangekaa katikati ya mamia ya watu wanaokutumia mioyo myekundu, nami sitaki kupanga foleni na watu wasioujua hata mlango wa mama yetu.

Kaka, mjomba Télesphore yuko hapa.

Alifika tarehe 27 Septemba, siku kumi na tatu baada ya sisi kumzika mama, na hakuwa akijua lolote. Alikuwa na bidoni iliyojaa mawese, kuku mmoja hai na shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amemwahidi dada yake kwamba akimaliza kuvuna mpunga atakuja kumsalimu. Nilikuwa uani naosha masufuria. Akasimama mlangoni akicheka: "Wabiwa iko? Mumuambie kaka yake amefika na mawese yake."

Nilimpa kiti, nikampa maji, nikamfunga kuku mguu, nikarudi nikampa maji mara ya pili. Ni yeye aliyetazama ukutani akaiona picha ya mama na kile kitambaa cheusi. Akaniuliza taratibu: "Godelive, hii ni nini?" Nilipomwambia, alikataa. Alisema: "Mimi nasikilizaka redio kila asubui. Redio haikusema kitu. Wabiwa hawezi kufa redio inyamaze, na mutoto wake ndiye mutu wa redio."

Unajua kule kwao Mwenga simu haishiki mpaka mtu apande kilima. Tulimpigia siku mbili, hakupatikana. Ilibaki redio, kama ilivyokuwa siku zote. Alhamisi ile mama alipokata roho, niliandika tangazo kwenye karatasi ya daftari la Fabiola, nikashuka nalo mpaka Nyawera. Zilibaki dakika kumi nifike redioni ndipo ukapiga simu. Ulilia, nikalia. Halafu ukasema: "Rudi nyumbani, Godelive. Redio hakuna mutu anaisikilizaka tena. Nitatangaza mimi kwenye podikasti, iko na watu quarante mille." Elfu arobaini. Nani angebishana na watu elfu arobaini? Nikageuka. Sikulaumu wewe peke yako, maana miguu iliyogeuka ni yangu.

Ulitangaza vizuri, sikatai. Fabiola aliniwekea nikasikiliza, na sauti yako ilikuwa ileile. Pole zilikuja kutoka Brussels, Montréal, Johannesburg, Kampala. Kutoka Mwenga haikuja hata moja. Unakumbuka mwezi wa saba ulitutumia picha ya ile hesabu ya wasikilizaji wako? Wengi wana miaka kati ya kumi na nane na thelathini na tano, na wengi wako ng'ambo. Ulifurahi, ukasema watu wako sasa ni vijana. Mama akakuuliza: "Na sisi wazee tulienda wapi?" Ulicheka. Mimi pia nilicheka.

Wazee hawakwenda popote, kaka. Wapo pale ulipowaacha, na redio zao wanaziwasha saa kumi na mbili asubuhi. Wale wa klabu ya wasikilizaji wa kipindi chako cha zamani cha redio, mama akiwa mmoja wao, mtu wao akifa ulikuwa ukimsoma hewani, nao wakija wote wamevaa kitenge kimoja, wakiimba mpaka makaburini. Kwa mama alikuja papa Nathanaël peke yake, na ni kwa sababu ukuta wake na wetu ni mmoja. Alisimama karibu nami akasema, bila hasira: "Adalbert alikuwa anatusomeaka wafu ya watu wote. Ya mama yake akaenda kuisomea Bulaya." Wale wa klabu walio Bagira wanaendelea kuja mmoja mmoja mpaka leo, kila mmoja na mshangao wake, na kila mmoja ananianzishia kilio upya.

Kesho yake nilimpeleka mjomba kaburini. Alikaa chini kwenye udongo na shati lake jeupe, muda mrefu. Nilidhani baada ya hapo atataka kurudi kwake. Tulipofika nyumbani akaniambia: "Kaburi nimeiona. Lakini kule kwetu nitasema nini? Wataniuliza juu ya nini jina yake haikusomwa. Watasema dada yangu alizikwa kama mutu mwenye hana kwabo."

Tangu siku hiyo hajaondoka. Kila alfajiri anaichukua redio ya mama, anaiweka mapajani, anasubiri matangazo ya vifo. Siku hizi anayasoma binti mmoja mwenye haraka, anayakimbiza majina kama anayeanua nguo mvua ikianza. Mjomba anasikiliza mpaka mwisho, anazima, anasema: "Leo pia hapana." Kisha anakunywa chai yake. Leo ni siku ya tisa, na mimi nimeshindwa kumwambia kwamba anangoja kitu ambacho hakuna aliyekipeleka.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo nimekusema nayo jikoni mara nyingi, peke yangu, na kila mara naona aibu, kwa sababu ya karibu nilikuwa nayo mkononi nikarudi nayo kutoka Nyawera.

Usidhani nataka uache podikasti yako. Fabiola anaisikiliza njiani akienda chuo, na ile siku uliposimulia jinsi mama alivyomfukuza mwizi wa mihogo kwa mwiko, alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Vijana wa huko nao wana kiu ya nyumbani, wape maji. Lakini umeniumiza. Nakuambia wazi kwa sababu nikikaa nalo litaoza.

Unakumbuka mama alivyokuwa akitania? "Mimi siogopi kufa. Bengine wanasomwa na mutu wa mushahara, mimi nitasomwa na mutoto wangu, polepole." Hilo ndilo ninalokuomba, na sina lingine. Nimekwenda redioni mwenyewe. Wamekubali kuweka sauti yako Jumatatu tarehe 14, saa kumi na mbili asubuhi, ukimtumia Fabiola kabla ya Jumapili jioni. Usiweke muziki, usisalimie watu wa ng'ambo. Soma kama ulivyokuwa ukiwasoma wafu wa wengine. Ukifika kwenye jina lako usiliruke.

Karatasi niliyoifunga humu ni ileile ya Nyawera. Nimejaribu kuisahihisha, kwa kuwa mazishi yamekwishapita. Siku nimeibadilisha. Mstari wa mwisho nimeshindwa kuugusa. Ufute wewe.

Nisalimie sana Mireille, na uwakumbatie Cédric na Bintu kwa niaba ya shangazi yao. Papa Nathanaël anakusalimu. Mjomba hakunipa salamu zako. Alisema utazipata ukishasoma.

Mungu aliyempokea mama akulinde huko uliko, na Jumatatu hiyo akushikie sauti isikatike.

Mdogo wako anayekupenda, hata na hasira yake,

Godelive

*

TANGAZO LA KIFO

Familia ya marehemu papa Ezéchiel, ya Cimpunda, ina huzuni kubwa kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kifo cha mama yao mpendwa, Christine Wabiwa, kilichotokea Alhamisi tarehe 12 Septemba. Ameacha watoto wawili, Adalbert aliye Ubelgiji na Godelive aliye Bukavu, pamoja na wajukuu watatu. Habari ziwafikie wote wa klabu ya wasikilizaji, Kadutu na Bagira. Habari zimfikie hasa kaka yake, Télesphore, kule Mwenga. Aje upesi. Hatutamzika kabla hajafika.