Nani Atanimalizia Kichwa?

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi tu wazima, ila mgongo wangu umeamua kuzeeka kabla yangu. Redio inasema huko wanawafukuza wageni na kuchoma maduka yao. Ni kweli? Funga hiyo saluni urudi. Mwenda kwao si mtumwa, na vichwa vya kusuka hata huku vipo.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo. Mimi mzima. Ni kweli, sikufichi. Kiwanda cha viatu kimefungwa, vijana wanashinda vibarazani bila kazi, na mgombea mmoja kawaambia kazi zao tumezila sisi wageni. Mama, mimi nasuka nywele, sijawahi kushona hata kandambili. Jirani yangu fundi saa, mgeni kama mimi, wamemvunja mkono. Naogopa. Lakini saluni hii ndiyo maisha yangu, nikiiacha sina kitu. Niombee.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Kimya chako kinaniua. Nikipiga simu haipatikani. Nilikuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa nasema hata ukiwa na guu bovu, rudi hivyo hivyo. Niandikie hata neno moja.

Mama yako

9 Aprili

Shikamoo Mama yangu,

Nisamehe, simu waliiba. Mimi mzima, guu zima, na saluni ipo. Kaa kitako nikusimulie.

Walikuja Jumamosi mchana, saluni imejaa. Unaijua tabia yangu ya kuanza kidogo kila kichwa ili mteja asikimbilie kwa msusi mwingine. Basi kulikuwa na wanawake wanne, wenyeji wote, na wote wamesukwa nusu.

Vijana wakasimama mlangoni na marungu na chupa ya petroli. "Wenyeji tokeni, mgeni abaki." Mmoja wao, mwalimu mkuu wa shule ya hapa, upande mmoja mistari, upande wa pili nywele zimesimama wima, akaburuta kiti chake akakaa katikati ya mlango.

"Nitoke niende wapi na kichwa hiki? Nani atanimalizia, wewe?"

Wenzake nao wakaburuta vyao. Mwenye chupa aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Mwalimu akamuuliza, "Kiwanda kakifunga mwenye kiwanda. Huyu msusi kakukosea nini?" Kijana akaificha chupa nyuma ya mgongo. Mwenzake akamtazama mwalimu vizuri, kicheko kikamponyoka, wengine wakafuata, na hasira ikawaishia. Mmoja akaona haya kurudi mikono mitupu, akabeba simu yangu.

Nilivimaliza vichwa vyote vinne huku nalia. Mistari ilipinda, hakuna aliyenuna. Tangu siku hiyo wateja wanapeana zamu kukaa mlangoni. Fundi saa naye amerudi kazini, meza yake iko ndani kwangu.

Sirudi, Mama. Tumeshinda.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Nimelia, nimecheka, nimemsomea kila aliyepita, hata asiyetaka kusikia. Baki huko. Mwambie mwalimu nampenda bila kumjua.

Juzi hapa sokoni wameanza maneno kwamba fundi baiskeli aondoke, eti ni mgeni na anaharibu bei. Walipokwenda kumtoa, walinikuta nimekaa mlangoni pake. Nikawaambia mwanangu naye ni mgeni wa watu, na watu wamemkalia mlangoni kumlinda. Wakadhani nitachoka. Leo nimekwenda mapema, nikakuta majirani wameshafika na viti vyao, nikakosa pa kuweka changu.

Mama yako