Saa Mbili Katika Mashua Moja

Kalemie, ndani ya mashua
Jumatatu, tarehe 8 Juni

Kwa dada yangu mkubwa mpendwa, Yaya Colette,

Kabla sijakusalimu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, mlango umefungwa, na kila neno lililomo libaki kifuani mwako mpaka tarehe 17. Mama asijue. Emmanuella asiione hata bahasha, maana siku hizi mwanao anasoma kila karatasi inayopita, na anachosoma anakitangaza. Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti kwa simu ya Matumaini, mpishi wetu, lakini wewe ujumbe wa sauti unaufungua palepale kwenye meza yako ya unga, na soko zima la Kikula linausikiliza pamoja nawe.

Sasa nikusalimu vizuri. Hujambo, Yaya? Mama hajambo? Baridi ya Juni imekwisha kufika huko Likasi. Je, amekubali kuvaa ile sweta ya kijani, au bado anasema ni nguo ya wazee? Emmanuella ameanza mitihani? Mwambie mjomba wake anamwombea, hasa kwa hesabu. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula vizuri, Matumaini anapika ugali wa bukari laini karibu kama wako, na mboga za lengalenga hazikosekani. Moyo ndio hauko sawa, na utaona kwa nini.

Unakumbuka ulivyokataa nisije. Ulisema mtu aliyeoga kwa ndoo maisha yake yote atafanya nini juu ya ziwa. Mumeo, shemeji Floribert, ndiye aliyekubembeleza, akaapa kwamba kazi yangu ni ya kalamu, sitaloana hata soksi. Alisema kweli. Kwenye mashua hii wenye kuloana ni wageni. Mwezi uliopita walikuwa sita, watu wanaosomea samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe ya Tanganyika. Walilala vyumba vya chini, sisi tukalala juu kwenye mikeka, na kwa siku nyingi hakuna aliyekanyaga nchi kavu. Asubuhi tuliamshwa na mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi, ambayo hupiga kelele kuliko vinu vyote vya Kikula. Maji ni maangavu, Yaya. Ukiangusha kijiko unakiona kikishuka, kikishuka, mpaka kinakuwa kama sindano. Simu yangu nayo niliiona hivyo, siku ya tatu. Usicheke.

Kazi yangu ni daftari. Kila mtu anayezama naandika jina lake, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Floribert, anayeshuka na wageni, alinifundisha kama yeye alivyofundishwa kule Koni, alipokuwa akizama bwawani kusafisha vyuma vinavyozuia takataka zisiingie kwenye mashine za umeme. Aliniambia, “Muntu mwenye iko chini hana saa. Saa yake ni karani.” Alinieleza kwamba mwili wa mzamiaji hunywa hewa kule chini kama sifongo, na hewa hiyo inahitaji muda wa kutoka. Kwa hiyo baada ya kuzama chini sana ni lazima akae juu saa mbili kamili kabla ya kurudi majini. Asipokaa, hewa inakuwa mapovu ndani ya damu, kama chupa ya Fanta iliyotikiswa. Niliogopa kusikia hivyo. Yeye akanipiga bega akasema karani mwoga ndiye karani mzuri.

Siku za kwanza nilikuwa kichekesho chao. Asubuhi moja mgeni mmoja, akiwa mita tatu tu chini ya maji, alinitazama, nami nikamwinulia kidole gumba kumwambia muzuri, endelea. Akapanda juu amekasirika. Kumbe kwa wazamiaji kidole gumba maana yake ni “panda juu.” Nikamwinulia na wa pili, ili kumtuliza mwenzake, naye akapanda. Floribert alicheka mpaka akashika ngazi: “Muone uyu! Anatosha bantu mu mayi sawa mwalimu mwenye anapiga kengele!” Tangu siku hiyo, kwa kuwa nawatoa watu majini kama wanafunzi darasani, akaniita Mwalimu. Alinilinda sana, Yaya. Ziwa lilipochafuka alilala upande wa nje wa mkeka, ili nikibingirika nimgonge yeye kwanza.

Kuna jambo lingine la kukueleza kuhusu mashua, nalo ni dogo, lakini ulishike. Nahodha wetu, Papa Ramazani, mzee mwenye asili ya Fizi, ametundika saa ya ukutani kwenye chumba cha usukani. Saa hiyo hufuata saa za Kigoma, kwa sababu wageni wengi hutokea ng'ambo. Kwa hiyo iko mbele ya Likasi kwa saa moja nzima. Siku ya kwanza Papa Ramazani aliniambia, “Mwanangu, katika mashua yangu kuna saa moja tu, ni ile. Ya mkononi mwako isogeze, ama uitie mfukoni.” Nikaitika ndiyo, Papa.

Sikuisogeza. Ni ile uliyoninunulia nilipopata diploma, ulipokaa wiki mbili bila kununua hata mafuta ya kujipaka. Nikitazama saa yako najua mnachofanya. Ikionyesha saa kumi na mbili na nusu unapiga mlango wa Emmanuella kwa mwiko. Ikionyesha saa sita umefunika unga kwa kitenge, unakula umesimama. Ningeisogeza ningekuwa nimewapoteza. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: saa ya mkononi ni ya moyo, na nikiwa mbali na ile ya ukutani nitaitazama ya mkononi na kuongeza saa moja kichwani kabla ya kuandika. Siku kumi na moja nilifanya hivyo bila kukosea.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumatano, tarehe 27 Mei. Asubuhi Floribert alizama na wageni, mita thelathini. Mgeni mmoja, mama mwembamba, kile chombo wanachovaa mkononi cha kuhesabu dakika za majini kilikuwa kimekufa, na Floribert akamwondolea wasiwasi kwa kumpa chake. Alisema yeye ana Mwalimu. Walipotoka mawimbi yalikuwa makubwa. Nilisimama kwenye ngazi ya nyuma nikimsaidia kuvua mtungi, na muda nikauandika kwenye kiganja, kisha nikaunakili daftarini.

Baadaye, tulipotaka kuhama, nanga ikakwama kwenye mawe. Papa Ramazani akasema tungoje jioni. Floribert akasema nanga haili saa zote hizo, yeye ataishukia mara moja. Lakini hakuruka tu majini kama unavyodhani. Alikuja mezani kwangu akauliza, “Mwalimu, nimepumzika ngapi?” Nikatazama daftari, nikatazama saa ya ukutani, nikatoa. Nikamwambia, “Saa mbili na dakika kumi, shemeji.” Akasema, “Basi iko muzuri,” akavaa mtungi.

Aliifungua nanga. Alipanda polepole, nilihesabu mwenyewe. Baada ya kula akaanza kulalamika bega, kisha ngozi ikamwasha, kisha akataka kusimama na mguu wa kushoto ukakataa. Akautazama kama mguu wa mtu mwingine. Tulimpa oksijeni njia nzima mpaka Kalemie, na Papa Ramazani hakutoa mkono kwenye usukani hata kunywa maji.

Habari za hospitali unazijua: ataishi, na mguu unarudi kidogo kidogo. Juzi alitembea mpaka dirishani kwa fimbo. Usichojua ni yaliyosemwa hapa. Monsieur Constantin, mwenye mashua, alikuja akaomba daftari. Akaona mapumziko ya saa mbili na dakika kumi, safi kabisa. Kwa hiyo akaamua kwamba kosa ni la mzamiaji, kwamba Floribert alipanda mbio kwa kiburi. Alisema mtu asiyejizuia mwenyewe hawezi kushuka na wageni. Sasa yuko Lubumbashi anatafuta mzamiaji mwingine, na atarudi naye tarehe 17. Unajua habari zinavyosafiri kati ya wazamiaji. Jina la Floribert likichafuka hapa, hata Koni hawatampokea tena.

Nami najua ulichomwambia kwenye simu. Ulimwambia aliacha kazi nzuri ya Koni aende kujionyesha mbele ya wageni, na kwamba mwanaume mwenye mke na mtoto hachezi na maji. Tangu hapo hupokei simu yake. Alinisimulia akicheka, lakini alicheka akiutazama ukuta. Nikamuuliza kama kweli alipanda mbio. Akasema, “Minye mwenyewe sikumbuke. Pengine. Ile nanga ilinichokesha.” Kisha akanishika mkono akasema, “Weye uliandika muzuri. Bila daftari yako wangesema hata sikupumzika.”

Yaya, kaa chini kama umesimama.

Floribert hakupanda mbio. Mimi ndiye mwenye kosa.

Siku ile kwenye ngazi niliitazama saa yako. Ilionyesha tisa na dakika arobaini, kwa hesabu ya Kifaransa tunayoandikia daftari, na badala ya kuongeza saa moja nikawaza: sasa Yaya amefungua gunia la pili. Nikaandika 9.40. Kwa saa ya mashua ilikuwa 10.40. Floribert aliponiuliza, nilitoa saa yako kutoka kwenye saa ya Papa Ramazani. Hakupumzika saa mbili na dakika kumi. Alipumzika saa moja na dakika kumi, akashuka tena mita thelathini kuvuta nanga, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia muda umetimia.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mkosaji tu. Lakini asubuhi ya pili, kabla Monsieur Constantin hajafika, nilifungua daftari na kuliona lenyewe likinicheka. Saa ya kuingia niliiandika sawasawa, nikiwa mezani mbele ya saa ya ukutani: 9.55. Saa ya kutoka: 9.40. Kwa mujibu wa karani msomi Ruphin, shemeji yake alitoka majini robo saa kabla ya kuingia. Nikasikia boti ya Constantin ikikaribia. Nikachukua kalamu, nikaifunga ile tisa kwa chini, ikawa nane. 8.55. Mstari mdogo kuliko kope. Ukurasa ukawa safi, na huo usafi ndio uliomhukumu mume wako.

Nimeogopa siku kumi na moja. Naogopa kufukuzwa, naogopa polisi, naogopa Mama kujua kwamba mtoto aliyemsomesha kwa kuuza makala, mikono myeusi kwa mkaa, anajua kufunga tisa. Leo asubuhi nilifika mpaka mlango wa hospitali, nikamwona Floribert anamfundisha mgonjwa mwenzake kuhesabu pumzi, nikarudi. Ndiyo maana naanza na wewe. Bilal, dereva wa lori, anaondoka saa nane, na ameapa kwamba barabara ikiwa kavu atakuwa Likasi Jumapili. Nitamkabidhi bahasha kwanza, kisha nitaenda hospitali. Barua ikishakuwa ndani ya lori sitaweza kurudi nyuma. Floribert atajua leo. Monsieur Constantin atajua tarehe 17, kutoka mdomoni mwangu, ukurasa ukiwa wazi mbele yake na huyo mzamiaji mpya akisikia.

Nakuomba usikasirikie saa. Najua tabia yako: utajiambia wewe ndiwe uliyeinunua. Saa ilisema kweli ya Likasi. Mwongo alikuwa mkono ulioivaa. Na nakuomba zaidi umpigie Floribert mara tu utakapomaliza kusoma, kabla hujanilaani. Usianze kuuliza maswali. Mwite kwa lile jina unalomwita mkiwa wawili, ambalo sisi wote nyumbani tunajifanya hatulijui. Atapona haraka kuliko kwa dawa.

Nisalimie Mama, mwambie sweta ile inampendeza. Nisalimie Emmanuella, na mama wa meza ya jirani anayekukopesha kivuli. Mungu awalindie mlango na madirisha.

Ukitaka kunipata, tumia namba ya Matumaini niliyoiandika nyuma ya bahasha. Piga saa sita ya mchana kwa saa yenu, ukiwa umesimama na sahani yako. Hapa mashuani itakuwa saa saba, tutakuwa tumemaliza kula. Saa yako bado iko mkononi mwangu, ila nimeisogeza mbele kama nilivyoagizwa, na ya Likasi naihesabu kwa kutoa moja. Mwambie Matumaini unamtaka karani. Ukipiga baada ya tarehe 17 akakuambia hapa hakuna karani tena, usihangaike. Piga simu ya mume wako. Nitakuwa pembeni ya kitanda chake, na akikubali, mimi ndiye nitakayepokea.

Mdogo wako,
Ruphin