Vioo Vilivyofuliwa Pamoja na Kanzu

Baba Zuhura,

Uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Nilikuwa ndani ya eda, nilipotoka mtoto akashikwa na surua, kisha nikawa na hasira nawe. Hasira haijaisha. Naandika hivyo hivyo.

Vile vioo vyako vya majaribio, vile vipande vidogo, vimefuliwa. Mama yako alikuwa anatayarisha nguo zako za sadaka, na kwetu cha marehemu hakitoki nyumbani kichafu. Akavitia kwenye beseni la kanzu, akavisugua kwa sabuni, akavianika nje, upepo wa pwani ukamalizia. Vile vistari vya madini ya risasi ulivyovitengeneza Ulaya vimebaki madoa meupe. "Vilikuwa na kutu, mwanangu," ananiambia, tena amefurahi. Nimgombeze mzee wa watu? Mimi uliniambia visiguswe na maji. Yeye ulishindwa nini kumwambia?

Sasa mwenzako wa kazi kule Ulaya ameandika. Anavitaka amalize kazi yenu, jina lako liwemo. Anauliza kila kioo katikati kina nini. Ananiuliza mimi.

Nakumbuka ulivyonieleza jikoni, umepandanisha chapati mbili. Risasi chini, risasi juu. Zikipoa kupita baridi yoyote, umeme unapita bila kusukumwa. Ila kinachoamua ni cha katikati. Kikiwa kutu ya risasi yenyewe, lazima kiwe chembamba mno, na umeme ukizidi unaruka ghafla. Kikiwa shaba, hata kikinenepa kidogo unapita, na ukizidi unabadilika polepole. "Mama Zuhura, cha katikati ndiyo kazi yenyewe." Na chapati ya tatu inaungua.

Nimekuta kimoja kizima. Ulikificha kwenye kopo la mchele, wewe uliyenicheka nikitia punje za mchele kwenye chumvi isilowe. Lakini hukuandika katikati kina nini. Shemeji anasema, mwandikie shaba tu, nani atajua. Sikisii. Kitasafiri na mchele wake, nami nitaandika: sijui, kipime, umeme ukiruka ni kutu, usiporuka ni shaba. Jina lako halitasimama juu ya uongo wangu, hilo nakuahidi.

Pumzika huko makaburini Kaole. Kati yetu sasa kuna udongo, na huo hukuwahi kunieleza unapitisha nini. Kama unapitisha chochote, nitumie ndotoni: mahali ulipoweka ufunguo wa sanduku la kijani, ule wimbo uliokuwa ukimlaza Zuhura, maana kwangu hapati usingizi, na sauti yako ikiniambia chapati zinaungua.

Mama Zuhura