Vyumba Vinne vya Kiden

Jumanne, 1 Julai
Mtaro wa chumba cha tano umeziba tena. Nimeuzibua kwa mkono, wapangaji wakinitazama. Kisha madaftari ya wanafunzi mpaka jioni. Hakuna aliyenifurahisha. Mwaka mpya wa kodi ya serikali unaanza leo. Ya mshahara hukatwa kabla sijauona, hapo sina ujanja. Ya pango nalipa kwa mkono wangu, na kila shilingi inaniuma.

Ijumaa, 4 Julai
Nimemwona Anguyo, mhasibu. Kumbe njia ipo, na ni halali kabisa. Kila mwenye nyumba ana kiwango cha pango kisichotozwa kodi kwa mwaka. Vyumba vyangu vinane hapa Onduparaka viko kwa jina langu peke yangu: kiwango kimoja. Nikimpa mke wangu, Kiden, vinne: viwango viwili. Ila Anguyo alinikazia macho. Lazima viwe vyake kweli. Pango liingie kwenye simu yake, aamue mwenyewe. Vikiwa vyake kwa jina tu, huo ni udanganyifu. Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa lolote.

Alhamisi, 10 Julai
Wakili ameandika hati ya vyumba vinne, mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Kiden alitia sahihi polepole, kisha akaisoma karatasi yote upya. Njiani aliishika karatasi kifuani kwa mikono miwili. Nikadhani anaumwa. Tulipofika alimpigia mama yake kule Koboko, wakacheka muda mrefu sana.

Jumamosi, 26 Julai
Amepaka milango yake minne bluu. Yangu imebaki kahawia. Safu moja, rangi mbili, kama kaptula yenye kiraka. Hilo nilimeza. Lakini leo amempa chumba mama mmoja wa Sudan Kusini, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Omugo na watoto wake, mwezi wa kwanza bure. Sikuulizwa. Nimefoka. Nikamwambia vyumba ni vyake kwa ajili ya kodi ya serikali tu, asijitie bosi. Akaniuliza, "Hii nyumba iko yangu ama haiko yangu?"
Nilikwenda kutazama mpira. Tumefungwa.

Jumapili, 3 Agosti
Hatuzungumzi. Chakula kipo mezani, yeye hayupo. Yuko kule kwenye milango ya bluu, anafagia.

Jumapili, 17 Agosti
Kiden alikwenda Koboko kumwona mama yake. Boda aliyopanda imegongwa na lori. Amekufa.
Nimeandika neno hilo na bado silielewi.

Jumatatu, 18 Agosti
Koboko. Kaka zake hawataki nimchukue nikamzike kwetu. Ng'ombe wa mahari sikuwamaliza kuwatoa. Ni kweli. Waliobaki niliwaahirisha mwaka hadi mwaka, nikaezeka vyumba. Wani, kaka yake mkubwa, amesema bila kuzunguka: ng'ombe hawajakwisha, basi huyu si mke wa mtu, watamzika hapahapa kama binti ambaye hajaolewa. Au niwape vyumba vyake, mama yao ale pango, nami niondoke na mke wangu.
Ninamchukia Wani. Ninajichukia zaidi.

Jumanne, 19 Agosti
Kaka yangu Afeku amefika asubuhi. Akanivuta pembeni, nyuma ya jiko. Niseme vyumba viliandikwa jina lake kwa ajili ya kodi tu, havikuwa vyake. Kila mtu anajua mambo ya kodi. Wamzike hapa, ng'ombe tutaleta baadaye, vyumba vibaki kwetu.
Nilikubali. Hapa hakuna mwingine wa kusoma, kwa hiyo naandika: nilikubali.
Tukaketi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama yake Kiden akanigeukia. Akaniuliza, taratibu tu, "Kiden alisema iko na nyumba yake, yake mwenyewe. Alisema na furaha. Alikuwa nadanganya mimi?"
Niliangalia mikono yangu. Ningesema ndiyo, ningemfanya mwongo mbele ya mama yake, naye amelala chumba cha pili hawezi kujitetea.
Nikasema, "Hapana, mama. Ilikuwa yake."
Afeku akainuka, akatoka. Wani akasema basi sasa iko ya mama. Nikasema ndiyo. Sauti yangu ilikuwa mbovu, lakini walisikia wote.

Jumatano, 20 Agosti
Tumemzika nyumbani kwetu, kama mke. Katekista alitoka misheni ya Ediofe. Yule mama wa Sudan Kusini alikuja na watoto wote, akalia kuliko dada zangu. Afeku hakugusa koleo.
Sikumwomba Kiden radhi alipokuwa hai. Leo nimeomba, nikajiona mjinga.

Jumamosi, 6 Septemba
Nyumba ni kubwa mno. Nimekula muhogo mbichi nimesimama. Afeku bado hapokei simu zangu.

Jumanne, 30 Septemba
Siku ya mwisho ya kupeleka makadirio ya kodi. Nimeandika vyumba vinne tu. Anguyo akapiga hesabu, akasema kodi yangu ya pango karibu imekwisha kabisa, na yote kwa mujibu wa sheria. Akanipa mkono wa hongera. Kisha akakumbuka, akauondoa.
Nimerudi kwa miguu. Rangi imeanza kubanduka kwenye mlango wa tatu wa bluu. Nilikuwa na kopo nusu la rangi stoo, lile la Kiden. Nikampigia mama yake kule Koboko kumwomba ruhusa. Amesema nipake.